Pikipiki Thelathini na Moja

Mowlem, Nairobi
Jumatatu, 3 Machi 2025

Shemeji Sylvance,

Salamu utazipata siku nyingine. Leo sina.

Nimepiga namba yako mpaka nimeanza kumchukia yule mwanamke anayesema mteja hapatikani. Ndugu yako Frankline anasema ulibadilisha laini kwa sababu waendeshaji wa pikipiki walikuwa wakikutukana. Sawa. Mimi nitakutukana kwa karatasi, na karatasi haina mahali pa kubonyeza ukate. Boksi hili linakuja na basi la asubuhi hadi Yala. Nimemwambia Mama akutume stejini ukalichukue, na Mama hujui kumkatalia.

Ndani yake kuna kontrola ya pikipiki ya Carolyne, yule wa kwaya. Huna haja ya kuelezwa kontrola ni nini, lakini nitakueleza jinsi watu wa huku wanavyoielewa sasa. Ni kile kisanduku cha chuma chini ya kiti kinachoiambia mota izunguke au isizunguke. Mlipotuuzia pikipiki za umeme mlisahau kutuambia kwamba kisanduku hicho kina bwana wake, na kwamba kila siku ni lazima kimpigie bwana wake ripoti. Kampuni yenu ikafunga milango Desemba. Tarehe ishirini Januari seva ikazimwa. Tangu siku hiyo pikipiki zinampigia mtu aliyekufa, na kwenye kioo zinahesabu siku kurudi nyuma kuanzia sitini. Leo zimebaki kumi na nane. Ya Carolyne imetangulia kwa sababu laini yake ya ndani iliharibika mapema. Iko nyumbani kwake imefunikwa shuka.

Pikipiki ni nzima, shemeji. Betri inashika chaji, mota haina hata mkwaruzo, na chaja nimewarekebishia mwenyewe wachaji nyumbani. Kilichokufa ni ruhusa tu.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye kibanda hiki nikifungua vitu ambavyo waliovitengeneza walidhani havitafunguka. Nimeichoma gundi nyeusi mliyomwaga humo ndani, nimefika kwenye chipu. Ni ya zamani kiasi kwamba kiwanda kiliacha kuitengeneza kabla Adongo hajazaliwa, na sasa binti yetu yuko darasa la nane. Siwezi kununua nyingine popote. Na hiyo iliyopo haisomeki, imefungwa kwa paswadi. Aliyeiandika hiyo paswadi ni wewe. Ulituambia hivyo mwenyewe mezani kwangu, ukila samaki wangu, ukijisifu.

Watu thelathini na mmoja wa kanisa letu walinunua pikipiki hizi kwa sababu moja. Jumapili ya Mavuno ulisimama mbele, pale pale wanaposimama maharusi, ukasema, "Mimi ndiye niliyeandika akili yake. Ikiwaangusha, mje mnikamate mimi." Walicheka, wakapiga makofi, wakaenda kuuza za petroli. Ndugu yako alikuwa wa kwanza. Ile ya petroli ambayo Frankline aliuza ndiyo iliyokusomesha.

Nipe paswadi. Sikuombi uje, sikuombi useme pole. Iandike tu kwenye karatasi, irudishe pamoja na boksi.

Nthenya
(mke wa ndugu yako, kama umesahau)


Yala
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mama Adongo,

Nimepokea boksi. Nalirudisha likiwa kama lilivyokuja.

Nimesoma maneno yako yote na nitajibu yale tu yenye maana. Programu iliyo ndani ya kontrola si mali yangu. Nilipoajiriwa nilitia sahihi karatasi ya kurasa kumi na nne kwamba sitamwonyesha mtu yeyote. Kampuni ikiwa hai au ikiwa imekufa, karatasi ile bado ina nguvu. Mali yote sasa iko mikononi mwa mfilisi. Nikikupa paswadi, mimi nimeiba na wewe umepokea cha wizi. Huenda wewe huogopi mahakama. Mimi naiogopa, na sioni haya kusema.

Pili, mfilisi anatafuta mnunuzi. Nina habari za ndani kwamba yupo karibu kupatikana. Akinunua, seva itawashwa na pikipiki zote zitaamka zenyewe bila mtu kuchoma gundi. Waambie watu wawe na subira. Ukianza kuchokora utaharibu, halafu hata huyo mnunuzi atazikataa.

Tatu, usiniletee habari za kanisa. Mchungaji ndiye aliyeniita mbele. Mlipenda kuwa na kijana wenu anayefanya kazi na kompyuta, mkanivisha kilemba, na leo mnataka kunivua pamoja na kichwa. Hujui mimi nimepitia nini. Niliachishwa kazi kwa ujumbe wa simu, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kununua maandazi.

Mama anakusalimu. Anasema goti limepoa.

Mwambie Frankline namheshimu.

Sylvance


Mowlem, Nairobi
Jumamosi, 22 Machi 2025

Sylvance,

Lile la "shemeji" nimeliweka kando kwanza.

Unasema umelirudisha boksi likiwa kama lilivyokuja. Mimi si mtu wa kuambiwa hivyo. Kona ya kulia ya ile kontrola, gundi ilikwanguliwa ikaonekana miguu mitatu ya chipu, kisha ikazibwa tena kwa rangi ya kucha. Rangi ya kucha nyeusi, Sylvance. Mama yako hana. Kwa hiyo ulienda dukani ukainunua ili nisijue kwamba ulichungulia. Uliweka waya zako pale, ukaifungua, ukaona kwamba bado unaweza, ukaogopa, ukapaka rangi ya kucha. Ni heri usingeigusa kabisa.

Jana ilikuwa siku ya sitini. Saa nne na dakika chache asubuhi zote zilizima. Ndete alikuwa amembeba mwalimu wa chekechea, wakaachwa katikati ya barabara pale Njiru, malori yakiwapigia honi. Wengine walizisukuma kutoka Kayole kwa miguu. Kufikia saa saba mbele ya kibanda changu palikuwa na pikipiki ishirini na nane. Hawakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Walikaa tu juu ya pikipiki zao kama watu wanaongoja kuitwa hospitali. Carolyne ndiye aliyeniuliza, "Mama Adongo, si useme tu kama hii kitu imekufa, mtu ajue?"

Nilikuwa karibu kusema imekufa. Halafu Musau akafika akiendesha.

Unaikumbuka ya Musau? Ile nyekundu uliyokuwa ukiijaribia mwenyewe kabla ya kuuza, kisha ukamwachia. Kioo chake hakihesabu siku. Niliifungua hapo hapo barabarani. Chipu yake haina paswadi. Inasomeka yote kama gazeti. Nimeinakili kwenye laptopu, nikachukua kontrola ya Carolyne, nikafuta kila kilichokuwemo, nikaandika ya Musau juu yake. Maana kusoma mlikukataza, lakini kufuta na kuandika upya hamkukumbuka kukukataza. Nilipowasha, mota ilizunguka. Carolyne alikaa chini kwenye changarawe akalia, na mimi nikajitia shughuli na waya ili nisilie.

Nimeshanakili nne, na zote ziko barabarani. Nitafanya tatu nne kwa siku. Nimewatanguliza wale ambao watoto wao hawawezi kungoja. Ya Frankline nitaimaliza Jumatano, kwa sababu mume wangu hajui kusukumana.

Kaa na paswadi yako. Itie kwenye soksi ulale nayo. Habari hizi nakuandikia kwa sababu moja tu, ujue kwamba hatukukuhitaji.

Nthenya


Yala
Ijumaa, 28 Machi 2025

Mama Adongo,

Nimepata barua yako leo asubuhi na ninaijibu papo hapo, basi linaondoka saa tano.

SIMAMISHA. Usinakili nyingine, na zile ulizonakili zisiendeshwe mpaka nikueleze.

Ndani ya chipu, mbali na programu, kuna ukurasa mmoja wa mwisho wenye namba za pikipiki hiyo peke yake. Namba hizo zinaiambia kontrola sumaku za mota zimekaa wapi. Kila mota ilipimwa peke yake kiwandani. Ulipofuta ulizifuta hizo pia, na ulipoandika ya Musau uliwapa wote vipimo vya mota ya Musau. Mota nyingi zinakaribiana, zitakwenda, labda zitapata moto kidogo au kushtukashtuka. Lakini mota ya fungu tofauti inaweza kuvuta kinyume. Ukiwa umesimama ukafungua akselereta, inarudi nyuma kwa nguvu yake yote.

Ya Frankline hasa usiiguse. Mota yake niliibadilisha mwenyewe mwezi wa kumi, nikamwekea ya fungu jingine, waya zake zimepangwa vingine.

Tafadhali. Weka hasira kando kwa hili moja.

Sylvance


Mowlem, Nairobi
Jumatatu, 31 Machi 2025

Sylvance,

Barua yako niliichukua Jumamosi asubuhi. Frankline alikuwa ameanguka tangu Alhamisi.

Alikuwa stejini Kayole, wa kwanza kwenye foleni, kwa bahati hajapata abiria. Nyuma yake palikuwa na mkokoteni wa mitungi ya maji. Alifungua akselereta taratibu kama anavyofanya siku zote, unamjua hana papara hata ya kula. Pikipiki ikaruka kinyumenyume. Yeye akabaki katikati yake na mkokoteni. Mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili chini ya goti, na paja lina ufa. Wamemtia vyuma. Daktari anasema atatembea, lakini hakusema lini, na nilipomuuliza kama ataendesha tena alinitazama kama nimeuliza habari za kuruka.

Sasa nikueleze jambo. Ofisi ya mizigo ya basi hunitumia ujumbe kila mzigo wangu unapochukuliwa, hata ukiwa barua tu. Ninao hapa kwenye simu. "Mzigo wako umechukuliwa Yala na Sylvance Ouma, 24 Machi, saa nane na dakika kumi." Jumatatu hiyo, Sylvance. Unaniandikia Ijumaa kwamba umepata barua asubuhi hiyo. Ulikaa nayo siku nne. Niliandika kwa mkono wangu kwamba ya Frankline ni Jumatano. Ulilisoma neno hilo Jumatatu. Ulijua ni mota ipi, kwa sababu uliifunga mwenyewe. Jumanne ulijua, Jumatano nilipokuwa nachomelea ulijua, Alhamisi ndugu yako akinywa chai na kuvaa jaketi ulijua.

Na usiniambie huna simu. Mama anayo. Kila Jumapili baada ya kanisa anampigia Frankline amuulize amekula nini. Ungebonyeza jina la kwanza.

Nimekuwa nikiwaambia watu wote hapa kwamba ni wewe. Nimesema hivyo hospitalini, nimesema mbele ya Mchungaji, na wameniamini kwa urahisi. Lakini kwa kuwa nakuandikia wewe mwongo, mimi nisidanganye. Kila pikipiki kati ya zile kumi na moja za kwanza niliinyanyua gurudumu la nyuma juu ya tofali, nikalizungusha hewani nione limekwenda upande gani. Ni jambo la dakika mbili. Ya Frankline ilikuwa ya kumi na mbili. Jumatano ile watu walikuwa wengi, naye ni mume wangu, nikaona ya nyumbani haina haja ya kusumbuana. Nikampa ufunguo bila kuinyanyua. Ningeinyanyua ningeliona likirudi nyuma kwa macho yangu.

Kwa hiyo tuko wawili. Tofauti ni kwamba mimi sikujua.

Hizo kumi na moja nimezirudisha zote kibandani. Zimejaa uwanjani. Watu wanapita wakizitazama, halafu wananitazama mimi.

Nthenya


Yala
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Nthenya,

Kila ulichosema ni kweli, na kuna mengine ambayo hujayajua. Nitayaandika yote. Usiposoma hadi mwisho, soma angalau karatasi ya pili, ndiyo yenye kazi.

Hakuna mnunuzi. Nilikudanganya. Mfilisi aliniandikia mwezi wa pili kwamba hakuna aliyeuliza hata bei. Ile habari ya ndani niliitoa ndani ya kichwa changu.

Ile kufuli ya siku sitini haikutoka kwa wakubwa. Niliipendekeza mimi. Walikuwa wanalalamika kwamba pikipiki zitaibwa, nikasimama kwenye mkutano nikasema naweza kuifanya kila moja iripoti, na isiporipoti izime. Mtu mmoja akauliza, je, kampuni ikifungwa? Nikacheka. Nikamwambia tukifungwa sisi, kila kitu kitakuwa kimeisha. Walinipigia makofi na hapo pia. Ya Musau niliiacha wazi kwa uvivu, kisha nikaogopa kusema.

Kuhusu zile siku nne. Jumatatu nilisoma barua yako nikaelewa palepale. Nilianza kuandika. Lakini kila nilipoeleza ukurasa wa namba, ilibidi nieleze kwa nini ya Musau haina paswadi, na kwa nini nilikuwa na njia ya kuwasaidia tangu mwanzo nikawanyima. Nikachana. Jumanne nilichukua simu ya Mama akiwa shambani. Frankline akapokea. Akasema, "Mama, habari ya mchana?" Nikasikia sauti yake ilivyo tulivu, na nikajua nikifungua mdomo itabidi niseme yote. Nikakata. Nikajiambia Nthenya ni fundi mzuri, lazima atanyanyua gurudumu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Niliutegemea uangalifu wako kuficha uoga wangu. Jumatano sikufanya kitu. Alhamisi vilevile.

Mama amejua. Aliikuta ile barua yako ya mwisho juu ya meza, akampa mtoto wa jirani amsomee. Tangu jana ananiwekea chakula na kuondoka. Angenipiga ingekuwa afadhali.

Karatasi ya pili ina paswadi. Na katika flashi hii nimeweka programu yote niliyoiandika, tangu mstari wa kwanza, bila kufuli. Mimi na ile karatasi ya kurasa kumi na nne tutaonana mahakamani kama wanataka. Zile kumi na nane ambazo hujazigusa, zifungue kwa paswadi, toa kufuli peke yake, acha ukurasa wa mwisho kama ulivyo. Zile ulizofuta inabidi zipimwe upya moja moja. Gurudumu likiwa juu, betri imechomolewa, laptopu imeunganishwa, unalizungusha kwa mkono polepole mzunguko mzima na kuandika namba pale sumaku inapobadilika. Mara tatu kila mota. Kwa mtu mmoja ni kazi ya siku nzima kwa pikipiki moja. Ukikosea namba moja, unarudia yaliyomkuta Frankline.

Usizipime peke yako. Jumamosi ya wiki ijayo napanda basi. Nitashukia hospitalini moja kwa moja, nipige magoti mbele ya ndugu yangu kabla ya jambo lingine lolote. Akinifukuza nitakaa mlangoni.

Sylvance


Wodi ya wanaume, kitanda cha 17
Jumanne, 8 Aprili 2025

Sylvance,

Huu ni mwandiko wangu. Naandika nikiwa nimelala, usijali mistari. Nthenya alitaka nimwambie yeye aandike, nikakataa, kwa sababu angeongeza yake.

Umenizoea nikinyamaza. Hata Nthenya amenizoea hivyo. Watu wakisema Frankline ni mpole, mimi huwa nasikia wanasema Frankline hana neno. Leo ninalo.

Barua zako zote nimesomewa, ameniletea hapa kitandani pamoja na uji. Kuhusu kufuli, sikukasirika sana. Kijana kazini hutafuta kusifiwa, nami ningefanya hivyo. Kuhusu kujificha Yala, sikukasirika. Nilikuwa nawakanya waendeshaji wenzangu wasikutukane, nikagombana na Ndete kwa ajili yako. Hata mguu, mguu nimeukubali.

Ni ile simu ya Jumanne.

Nilijua ni wewe. Mama hawezi kukaa kwenye simu sekunde tatu bila kusema kitu, wewe unajua. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti cha kibanda cha Nthenya, nikasikia mtu anapumua, nikajua ni mdogo wangu. Nilifurahi. Nikadhani umechoka kujificha, unataka kuomba msamaha na unatafuta pa kuanzia. Nikanyamaza makusudi ili usione haya. Ulipokata sikukupigia tena. Nikasema moyoni, nimwache ajipange, atapiga kesho. Kesho yake nikiwa na ufunguo mkononi, nilikuwa bado nangoja simu yako.

Sasa sikiliza. Nthenya amejaribu paswadi kwenye ya Carolyne, akakumbuka hiyo alishaifuta, akajaribu kwenye ya Ndete ikafunguka. Kwa hiyo safari hii umesema kweli. Ya Musau ni nzima. Toa hiyo, toa na yangu, zimebaki ishirini na tisa. Nthenya hawezi kuzimaliza peke yake, tena siku hizi anashika chuma cha kulehemu na kukiweka chini tena. Hataki niseme hivyo lakini nimesema.

Jumamosi usije hospitalini. Nimeshawaambia wauguzi jina lako, hawatakuruhusu. Shukia Mowlem. Jumapili yake simama kanisani pale uliposimama, uwaambie haya uliyomwandikia mke wangu, pamoja na zile siku nne. Usimwache Mchungaji akusaidie maneno. Kisha kaa chini kibandani, unyanyue gurudumu la kwanza. Wengine hawatakusalimu. Wengine watasimama juu yako wakikutazama mkono kutwa nzima, na wana haki. Kila utakayoimaliza, wewe ndiye utakayeipanda kwanza, usimame, ufungue akselereta ukiwa na ukuta nyuma yako. Mwenyewe hataigusa kabla yako.

Utalala kwetu, chumbani kwa Adongo, yeye atalala na mama yake. Adongo amejua yote. Chochote atakachokuuliza, mjibu.

Ukimaliza ya ishirini na tisa, hata kama ni mwezi wa saba, ndipo uje unione. Nitakuwa nimeshatoka, nitakuwa nyumbani, na nitakufungulia mlango mwenyewe kama nitakuwa naweza kusimama.

Yangu imeegeshwa nyuma ya kibanda, taa imevunjika. Utataka kuanza nayo. Hiyo usiiguse.

Ndugu yako,
Frankline